Kanga Juu ya Mlango wa Bafu

Mwanangu Idrisa,

Habari za chandarua, ndoo, kandambili za bafuni na namna ya kujipikia bila kuunguza sufuria hutazikuta humu. Mama yako amezimaliza tangu juzi, na zile alizozisahau shangazi yako wa Keko anakumalizia saa hizi, maana najua mmekwenda kuaga na hamtarudi kabla ya magharibi. Nyumba iko kimya. Nimekaa kwenye meza ya kulia chakula, nimevaa miwani ya mama yako kwa sababu yangu niliikalia, na kabla hamjarudi nataka niwe nimemaliza barua hii.

Umeninunia siku tisa. Usikatae, nimekulea mwenyewe, nakujua ukinuna hata ukiwa umenipa kisogo. Nilikunyang'anya simu mbele ya dada zako kama mtoto wa darasa la tatu, nikaizima, nikaifungia kwenye sanduku langu la vifaa vya kuchomelea, na ulipouliza kwa nini nikasema nitakwambia. Sikukwambia. Mara mbili nilijaribu. Mara ya kwanza ulinipokea mfuko wa mkate pale mlangoni, nikajikuta nazungumza habari za mkate. Mara ya pili nilikohoa, ukadhani naumwa, ukaniletea maji. Kwa hiyo nimeamua kuandika, na ninayoandika nitayarudia kwa mdomo mbele ya yeyote atakayeniuliza.

Siku ile nilikuwa natoka kazini. Ulikuwa barazani na Abuu na wale vijana wengine, mmeinamia simu yako, mnacheka kicheko cha kubana pua. Mliponiona mkaacha. Nilinyoosha mkono, ukanipa simu bila kufikiri, na nikaona. Niliona bafu la nyuma kwa mama Saada, huyu jirani yetu wa genge anayetukopesha nyanya. Na ndani yake Saada mwenyewe, anaoga, anajimwagia maji kwa kopo, hajui kama kuna jicho la mtu pale juu ya ukuta. Nilikuuliza hii nini. Nayakumbuka maneno yako yote: "Baba, mie sijarekodi. Kibwe ndo kaitupia kwenye grupu. Mie nimemrushia Abuu tu."

Ulisema haraka, na ulisema kweli, najua. Wewe si mwongo. Lakini nilipoyasikia maneno hayo nikakaa pale pale kwenye ngazi na nguo zangu za kazi. Hukuelewa kwa nini. Ulidhani nina hasira na wewe. Mwanangu, maneno hayo niliyasema mimi, karibu hivyo hivyo ulivyoyasema, ukiwa na miaka saba. Niliyasema kituo cha polisi.

Unaikumbuka nyumba ya Tandika? Mama yako anasema huwezi kuikumbuka, mimi nasema unaikumbuka. Vyumba sita, korido katikati, sisi chumba cha pili kulia. Uani palikuwa na bomba, majiko ya mkaa, kamba za kuanikia, na bafu la mabati pembeni. Bafu lile halikuwa na komeo. Anayeingia alitupia kanga yake juu ya mlango, na anayekuja akiiona kanga anageuka, anakwenda kusubiri. Nyumba nzima iliheshimu, wakubwa kwa watoto. Hata wewe ulikuwa unakuja mbio umebana mkojo, unaniambia, "Baba, kanga ya mama Pili ipo," na unaruka ruka mguu mmoja mpaka iondoke. Hatukuwa na komeo kwa sababu tuliamini kipande kile cha kitambaa kinatosha.

Na dada Mwanaidi, yule wa chumba cha mbele aliyekuwa anakaanga vitumbua, unamkumbuka? Kitumbua cha kwanza cha kila asubuhi alikiita cha bwana Idrisa. Alikuwa anakupakata ukiwa na homa mama yako akiwa kazini, na ulipong'oka jino la kwanza ulikimbilia kwake kabla ya kuja kwangu, jambo ambalo liliniuma kidogo nikajifanya halikuniuma. Alikuwa mwanamke mcheshi, mwenye maneno, aliyeachika akaamua kusimama mwenyewe.

Mimi wakati ule nilikuwa na kibanda cha kuingiza nyimbo karibu na soko. Vijana wa leo hamjui kazi ile. Nilikuwa na kompyuta moja, spika mbili, na foleni ya watu wenye vikadi vya kumbukumbu vya simu. Mtu analeta kadi yake, anasema anataka taarabu, au singeli, au mawaidha, unamjazia, anaondoka. Makuli wa soko walikuwa wateja wangu, na waendesha bodaboda, na mama ntilie. Niliipenda kazi ile. Nilijiona mtu wa kisasa.

Jongo alikuwa mpangaji mwenzetu, chumba cha mwisho kushoto. Rafiki yangu. Alinisaidia kubeba kitanda tulipohamia. Siku moja mchana alikuja kibandani, akaketi kwenye kreti ya soda, akasema, "Braza, nina kitu kikali. Kiweke kwenye mashine yako, utanishukuru."

Nilikiweka. Kilikuwa kifupi. Mtu anaoga ndani ya bafu la mabati, na simu imepenyezwa kwenye tundu la msumari. Uso haukuonekana vizuri. Kwa miaka yote hii hayo ndiyo niliyoyasema. Nilimwambia mama yako uso haukuonekana. Niliwaambia wazee. Niliwaambia polisi. Na ilikuwa kweli kabisa, uso haukuonekana.

Sasa nakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu, na mama yako atalisoma leo baada yako, maana nimeshaamua. Juu ya mlango, kwenye kona ya ile video, palikuwa na kanga. Kanga ya kijani, yenye michoro ya korosho nyekundu pembeni. Asubuhi ile ile nilikuwa nimeiinamia kwenye kamba uani ili nipite kwenda kazini, na ilikuwa bado inachuruzika maji, yakaniingia shingoni. Niliitambua, Idrisa. Kabla ya kitu kingine chochote niliitambua ile kanga. Nilijua ni nani, nilijua ni bafu gani, nilijua ndilo bafu analooga mama yako. Na Jongo alipocheka, nilicheka.

Ningeweza kukwambia nilikuwa kijana, lakini nilikuwa na miaka thelathini na moja, na mke, na wewe. Ningeweza kukwambia hatukujua ni kosa. Hilo lina ukweli kidogo, na hapo nataka unisikilize. Tulipokuwa vijana tuliita kupiga chabo, na ulikuwa mchezo. Ukuta wa makuti ukiwa na upenyo, mnasukumana nani achungulie kwanza. Tulipofumaniwa tulikimbizwa na ufagio, na aliyetukimbiza mwenyewe mara nyingine alikuwa anacheka. Sikumbuki mtu mzima hata mmoja aliyetukalisha akasema hili linapelekwa mahakamani. Ukikimbizwa na ufagio unajua umefanya utundu, hujui kama umefanya uhalifu. Kwa hiyo nilipomwona mtu anaoga kwenye kioo cha kompyuta, kichwa changu kilikuwa bado kinangoja ufagio.

Niliiacha kwenye mashine. Sikuitangaza, hapana, mimi mstaarabu. Lakini wateja walijua. Mtu anakuja na kadi yake anasema niwekee taarabu, halafu anainama, "na kile cha uani." Nami namwekea. Sikuona kama nafanya kitu. Nilikuwa najaza kadi, kama siku zote.

Siku ya nne au ya tano, sikumbuki, Mwanaidi alipita sokoni kununua mchele. Kijana mmoja wa kubeba mizigo akamwambia mwenzake, kwa sauti ya kusikika, kwamba yule dada ana kovu mgongoni la umbo la jani. Na kweli alikuwa nalo, aliungua utotoni. Mwanamke anayevaa baibui kila akitoka nje anasikia mwanaume asiyemjua anasimulia kovu la mgongo wake. Aliuacha mchele kwenye mizani, akaja moja kwa moja kibandani kwangu.

Palikuwa na watu wawili foleni. Aliwapita.

"Shemeji," akaniambia, "hiyo mashine yako ina nini changu?"

"Da Mwanaidi, mie hapa naingiza nyimbo tu."

"Mie siimbi, shemeji."

Wale wawili wa foleni walichukua kadi zao wakaondoka. Alisimama pale muda mrefu, macho yake kwenye kioo, si kwangu, kama anayetafuta mlango wa kuingilia mle ndani akajichukue. Halafu akaenda nyumbani. Jioni ile hakuwasha jiko, wala hakuulizia bwana Idrisa.

Ninachojutia kuliko vyote kilifuata baada ya hapo, na kitakushangaza, kwa sababu siku ile nilipongezwa. Tuliitwa kwa mjumbe. Mwenye nyumba alikuwepo, wazee wawili wa msikitini, Jongo, mimi, na Mwanaidi na shangazi yake. Jongo alilia, akaomba radhi, akashika miguu ya shangazi. Wazee wakasema haya ni mambo ya sitara. Mwanamke huyu ana heshima yake, tukiyapeleka mbele tutamvua nguo mara ya pili. Yafutwe, yaishe, yabaki humu ndani. Nami nikanyanyuka kama shujaa. Niliifuta ile video mbele yao kwenye kompyuta niliyokuja nayo, nikaichukua kadi ya Jongo, nikaivunja vipande kwa koleo juu ya sinia ya chai. Mzee mmoja akaniambia Mungu akulipe, baba Idrisa. Nilijisikia vizuri. Nakuapia nilijisikia mtu mwema.

Mwanaidi alikuwa amekaa karibu na mlango. Alitazama vile vipande kwenye sinia akauliza, "Na wale walioiona, nao mtawavunja kwa koleo?"

Shangazi yake akamwambia anyamaze. Sisi tukaomba dua, tukanywa chai.

Baada ya siku mbili kaka yake alikuja kutoka Kilwa, akamchukua, wakaenda polisi. Nikaitwa. Afande aliyenihoji alikuwa mama mtu mzima, mpole, mwenye mwandiko wa polepole. Nikamwambia, "Afande, mie sikurekodi. Nilikuwa naingiza nyimbo tu, hii kaileta Jongo." Akaandika. Akauliza video iko wapi. Nikasema kwa fahari tumeshaifuta, na kadi nimeivunja mwenyewe. Akaweka kalamu chini.

"Baba," akasema, "kumchungulia mtu anaoga ni kosa la jinai. Lilikuwa kosa kabla simu hazijatengenezwa. Kuingilia faragha ya mtu kwa kumdhalilisha, kumo kwenye sheria siku nyingi. Mimi ningekwenda mahakamani na mtuhumiwa, na video, na kadi yenye alama za vidole vyake. Sasa nakwenda na nini? Na sinia?"

Nikamwambia tulitaka kumsitiri yule dada.

"Mmemsitiri mwanaume," akasema.

Jongo alikana kila kitu. Yule aliyelia kwa mjumbe, mbele ya polisi alisema hajawahi kuwa na kadi ya namna hiyo. Wazee walipoitwa, mmoja alikuwa safarini na mwingine akasema hakumbuki vizuri. Mjumbe alisema lilimalizika kifamilia. Na mimi, ambaye ningeweza kusema niliiona, nilijua ni bafu gani, niliitambua kanga, nilisema uso haukuonekana. Nilimwangusha Mwanaidi kwa sentensi ile moja, kwa sababu ningesema zaidi ningeulizwa kwa nini basi niliendelea kuigawa. Jalada halikufika popote. Jongo akahama wiki hiyo.

Mwanaidi aliondoka asubuhi moja na godoro lake juu ya mkokoteni. Kikaango cha vitumbua alimwachia mama Pili. Wewe ulikuwa umesimama korido na sare ya shule, ukaniuliza dada anakwenda wapi. Nikakwambia anakwenda Lindi kuolewa. Ulifurahi sana. Uliuliza mbona hakutualika. Kwa miaka kadhaa ulikuwa ukisikia Lindi unasema huko ndiko kwa dada Mwanaidi. Hakuolewa Lindi, mwanangu. Sijui alikwenda wapi. Nimemuulizia Kilwa mara mbili, na mara zote mbili kaka yake alinitazama hakunijibu, na alikuwa na haki.

Niliuza kompyuta, nikajifunza kuchomelea. Sasa unajua kwa nini kila nyumba tuliyopanga, kabla ya kitanda kuingia, nilikwenda kwanza bafuni na komeo na bati la kuzibia matundu. Ulikuwa unanicheka. Uliwaambia wenzako baba anaogopa mijusi. Niliwaacha mdhani hivyo.

Sasa nirudi kwa Saada. Siku mbili baada ya mimi kukuchukulia simu, mama Saada alisimama katikati ya mtaa na akasema aliyoyasema, uliyasikia hata ukiwa chumbani. Jioni ile ile vijana wote wakatoka kwenye grupu lenu, wakafuta. Kibwe akafuta hata namba yake ya simu. Sijui kama umeambiwa, maana huna simu. Siku ya tatu mama Saada alikuja hapa ulipokuwa kwa kinyozi. Hakukaa. Alisema, "Baba Idrisa, mwanangu kataka mwenyewe kwenda polisi, na tumekwenda. Kibwe anasema siye yeye, na watoto wote wa mtaa huu wamekuwa mabubu. Mie nataka mtu mmoja tu aseme aliiona imetoka wapi. Mmoja tu, baba Idrisa."

Nikamwambia atampata. Nilisema kabla sijafikiri, na nilipofikiri sikubadili.

Kesho yake akaja mjumbe. Huyu si yule wa Tandika, huyu ni kijana wa juzi juzi, lakini maneno ni yale yale, utadhani waliachiana kwenye mfuko. "Mzee Hamisi, hii ishu tuikalie wenyewe. Kibwe bado kijana. Mwanao anakwenda chuo, unataka akaanze na kesi? Tukutane, vijana wafute, waombe radhi, yaishe." Nikamuuliza atawafutaje waliokwisha kuiona. Akadhani nafanya utani.

Halafu nikaenda mwenyewe kituoni, kwenye lile dawati la jinsia. Afande wa safari hii ni binti, labda anakuzidi miaka mitano. Niliketi mbele yake nikamuuliza kama mwanafunzi. Nikamuuliza aliyechungulia. Akasema ana kosa. Nikamuuliza aliyerekodi. Akasema na huyo ana kosa, tena akiituma kwa simu anaingia na kwenye sheria ya makosa ya mtandao, na kama aliyerekodiwa angekuwa mtoto mambo yangekuwa mazito zaidi na zaidi. Nikamuuliza aliyeipokea tu, imeangukia kwenye simu yake. Akasema kuangukiwa si sawa na kurusha.

"Na aliyeipokea akamrushia mwenzake mmoja?"

"Huyo mmoja unayemsema ni nani, mzee?"

"Mwanangu."

Aliacha kuandika. Hakunitisha, wala hakunibembeleza. "Huyo naye ameisambaza, mzee, hata kama ni kwa mtu mmoja. Mlete, na simu mlete. Isiwashwe, isiguswe, kisifutwe kitu. Siwezi kukuahidi itakavyoamuliwa, si kazi yangu kuahidi. Lakini anayekuja kwa miguu yake anasikilizwa, na bila simu hiyo yule binti hana kitu."

Ndiyo hali ilivyo. Sitakupamba. Inawezekana ukaonekana shahidi tu, na inawezekana ukaulizwa kwa nini ulimrushia Abuu, na huna jibu zuri, kwa sababu hakuna. Inawezekana chuo kikasikia. Kibwe mmecheza naye mpira tangu mkiwa pekupeku, na mama yake atapita mlangoni kwetu bila salamu. Nimeyafikiria yote haya nikiwa juu ya mageti ya watu huku cheche zinaniunguza mikono. Na kila nikimaliza kuyafikiria namwona Saada, ambaye huwa ananisalimia shikamoo kabla sijakunja kona. Tangu siku ile hajakanyaga nje isipokuwa siku moja, siku ya kwenda kituoni, na alikwenda kwa miguu yake, mchana, mtaa mzima ukimtazama. Ana miaka kumi na tisa. Ana ujasiri ambao mimi sikuwa nao nikiwa na thelathini na moja.

Utakapofika hosteli utaonyeshwa mambo. Usidhani ni Tandika tu, wala hapa kwetu Mtoni. Msasani wanakokaa matajiri kuna vioo na vigae na watu wanafanyiwa hivi hivi. Mtu atakuita njoo uone, simu itaegemezwa kwenye ndoo, au itakuja picha ambayo binti alimpa mpenzi wake kwa mapenzi na mpenzi akaigeuza ya wote. Mtaulizana ni nani karekodi, ni nani katuma. Mimi nilijificha ndani ya maswali hayo miaka yote hii. Wewe jiulize moja tu: huyu ninayemwangalia, anajua kwamba namwangalia? Kama hajui, au hakutaka uwe wewe, huna tena la kuuliza. Geuka, kama ulivyokuwa unageuka ukiona kanga ya mama Pili, umebana mkojo na miaka yako saba. Ulikuwa unajua wakati ule. Mimi ndiye niliyekuwa sijui.

Na likikukuta wewe, maana na wanaume wanafanyiwa, au likamkuta dada yako mmoja, usiruhusu mtu yeyote mwenye kanzu nzuri na sauti ya upole akafute. Nenda polisi kwanza.

Tiketi yako ya kesho ya Morogoro nimeisogeza. Si basi la saa mbili asubuhi tena, ni la saa nane mchana. Mama yako anajua kuhusu tiketi, hajui kuhusu kanga. Nimemwacha akufungie maandazi bila wasiwasi.

Kesho asubuhi nitakwenda kwa yule afande. Hili nimeshaliamua na halimtegemei mtu. Nitasema nilichokiona kwenye simu yako, kwa mkono wa nani, na umesema imetoka kwa nani. Na nikimaliza la Saada nitamwomba karatasi nyingine, niandike la Mwanaidi, hata kama wataniambia limepitwa, hata kama wataniambia nami nina kesi ya kujibu. Nataka liwe limeandikwa mahali kwamba niliitambua ile kanga.

Simu yako nimeitoa kwenye sanduku. Ipo ndani ya bahasha hii pamoja na barua, imezimwa, kama nilivyoichukua. Ningeweza kwenda nayo mwenyewe. Nimefikiri sana, na nimeona nikikufanyia hivyo nitakuwa nimekunyang'anya mara ya pili. Unaweza kuiwasha na kuifuta yote kabla mama yako hajamaliza kupakua wali. Sitakuja kuchungulia mlangoni kwako. Mimi siku ile nilikuwa na koleo, na chumba kizima kilikuwa kinanisubiri nivunje.

Nitakuwa barazani kuanzia saa moja asubuhi. Nimeshapiga pasi shati lile jeupe, na lako pia nimelipiga, liko nyuma ya mlango. Usiiwashe.

Baba yako,
Hamisi